Vibati Kumi na Vinane

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa presha ameniambia ninunue daftari. "Mama, kila ukitaka kumfokea mzee, andika kwanza. Ukimaliza kuandika, hasira itakuwa imeshuka." Nimenunua la kurasa tisini na sita. Sidhani kama litafika mwisho wa mvua.

Haya, naandika. Baba Watoto amestaafu tangu mwaka jana. Miaka ishirini na minane alikuwa mtunza bohari, kazi yake kuhesabu skrubu na kuzipa namba. Siku ya kwanza ya kustaafu aliamka alfajiri, akavaa viatu vya kazi, akakaa sebuleni kuniangalia nikifagia. Akaniangalia nikifagia miezi minane. Binti yetu mkubwa, anayefanya kazi mbali, akamwonea huruma baba yake (mimi wala), akamletea zawadi: mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Ni fimbo ndefu, chini ina sahani, juu ina spika. Unaipitisha juu ya udongo, ikikuta chuma inalia wiii. Ikilia, mume wangu anapiga magoti na kijembe. Eti anatafuta mali za kale, sarafu na silaha za watu wa zamani. Anaifuta vumbi, anaifunika kitambaa, anaongea nayo. Nimeipa jina la Mke Mwenza.

Mvua imeanza leo asubuhi. Nilikuwa nasikitikia nguo zangu kwenye kamba, yeye yuko mlangoni anatabasamu. Udongo utakuwa laini, anasema.

Jumatano, 5 Machi

Vizibo vya soda kumi na kimoja. Msumari mmoja. Shimo moja mbele ya mlango wa bafu, na mguu wangu ndani yake.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimegundua kwamba takataka zote zina namba. Amenunua rejista, ile kubwa ya jalada gumu, na kila anachochimba anakiingiza. Nimeisoma alipokuwa anaoga. "Namba 9. Kizibo cha soda. Kutu kiasi. Kina: vidole vitatu. Mahali: hatua kumi na moja kutoka tangi la maji, kuelekea bafu." Namba 10 ni kizibo kingine. Namba 11 ni kizibo kilichopinda.

"Baba Watoto," nimemuuliza mezani, "kizibo cha soda unakiandikia kina cha nini?"

"Kitu kisichoandikwa mahali kilipotoka," akasema, na amenyoosha kidole kama yuko kazini, "ni kitu kilichopotea mara ya pili."

"Na kikiandikwa kinakuwa nini?"

"Kinakuwa kumbukumbu."

Nimemwongezea chakula ili mdomo wake uwe na kazi nyingine. Pia nimemwambia afukie shimo la bafu. Kesho, akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Uani hapapitiki. Leo nimechukua fimbo nikachora mstari kwenye udongo kuzunguka kitalu changu chote, nikamwita asimame aone.

"Huku ni kwangu. Huku wewe na Mke Mwenza wako hamuingii. Apa."

Akaapa. Aliinua hadi mkono.

Sifanyi mchezo na kitalu mwaka huu. Nina mistari kumi na minane ya michungwa, kila mstari miche kumi, nimeibebesha mmoja mmoja kwa mkono wangu: kikonyo cha chungwa juu ya shina la limau. Ni aina tatu, ya mapema, ya katikati na ya mwisho. Yote imeagizwa na Mkunga. Ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote watatu, na wa pili alikuja vibaya, bila yeye tusingekuwa hai mimi wala mtoto. Sasa amestaafu, amenunua ekari mbili, anataka bustani itakayozaa kwa zamu ili awe na chungwa la kuuza karibu mwaka mzima. Alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, nina miaka sabini na mbili. Mchungwa unataka miaka minne ndipo uzae. Mimi sina muda wa kupanda mara mbili." Nikamwambia asiwe na shaka, ile ni miche yangu.

Michungwa ikiwa midogo aina zote tatu ni sawasawa, jani kwa jani, hata mimi mwenyewe siwezi kuitofautisha. Alama ndiyo kila kitu. Vijiti vya alama vinaoza, na kuna mwaka wateja walivihamisha kwa mikono yao ya udadisi. Daftari la kitalu lililiwa na mchwa. Kwa hiyo nina njia yangu. Fundi bati wa jirani alinikatia vibati vya duara kutoka sufuria kuukuu ya marehemu mama. Nakwaruza herufi kwa msumari, P ya mapema, T ya katikati, S ya mwisho, halafu nakizika kibati kwenye kichwa cha mstari, kidole kimoja chini. Havionekani, haviozi, havihamishwi na mtu. Sijawahi kumwambia yeyote. Siri ya kazi ni siri ya kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Vizibo sita. Shimo la bafu bado.

Jumamosi, 22 Machi

Lazima niwe mkweli hata kwenye daftari la hasira. Leo amepata sarafu kweli. Ya zamani, ina tundu katikati, imekuwa ya kijani kwa ukongwe. Aliingia jikoni na matope mpaka magotini akanyoosha kiganja. Sijamwona na uso ule tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Nikamwambia, "Hongera, Baba Watoto." Nilimaanisha.

Kosa langu. Sasa hashikiki.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amekuja mwenyewe. Mashimo tisa kwenye uwanja wa mpira, moja mbele ya goli. Golikipa ameteguka. Nimeomba radhi mimi, kwa sababu mhusika alikuwa ameinama nyuma ya nyumba na vile vya kusikilizia mashine masikioni.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada yangu ameanguka, amevunjika mguu. Nakwenda kumuuguza siku kumi. Nimeacha maagizo: nguo ziingizwe mvua ikija, kuku wafungiwe, shimo la bafu lifukiwe, kitalu kisiguswe. Ameitikia yote. Ameitikia upesi mno.

Jumatatu, 14 Aprili

Andika kwanza, alisema nesi. Haya, naandika, na kalamu imeshachana karatasi mara mbili.

Nimerudi leo mchana na begi begani. Nafungua geti, nakuta majirani wamekaa uani kwenye viti vyangu. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Wapi! Katikati kuna meza, juu ya meza kitambaa changu cheupe cha wageni, na Baba Watoto amesimama nyuma yake amevaa koti la kazini.

"Afadhali umefika, Mama Watoto! Njoo mbele, wewe ndiye wa kuona kwanza." Akawageukia watu. "Ndugu majirani, nilichokipata si kimoja. Ni kumi na vinane. Vimezikwa kwa mpangilio, hatua moja moja, kina kimoja. Hili haliwezi kuwa jambo la bahati. Ndugu zangu, hapa tulipokaa palikuwa na utawala!"

Watu wakapiga makofi. Nikasogea. Juu ya kitambaa kulikuwa na vibati vya duara kumi na vinane vinang'aa, amevisugua kwa majivu na ndimu mpaka unajiona uso. Herufi zimefutika karibu zote.

Kabla sijasema neno fundi bati, aliyekuwa mstari wa nyuma, akakohoa.

"Samahani mzee. Hivyo si nilivikata mimi? Kwenye ile sufuria ya mama yake shemeji?"

Nani alianza kucheka sijui. Najua waliendelea mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wanajifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikwenda moja kwa moja kitaluni. Vichwa vya mistari vyote vimechimbwa na kufukiwa vizuri, vimeshindiliwa na kusawazishwa. Shimo la bafu wiki tano linamshinda, haya kumi na manane ameyafukia kama fundi wa barabara.

"Uliniapia," nikamwambia.

"Niliapa kutoingia kitaluni. Sikuingia. Kichwa cha mstari kiko njiani. Nilisimama njiani nikainama."

Jamani! Mtunza bohari!

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, neno kwa neno, vibati ni vya nini na Mkunga ni nani. Nikaona uso unamshuka. Mistari mitatu minne naikumbuka kwa kubahatisha, iliyobaki siijui. Vikonyo vilikuja siku tofauti, nikabebesha kilichokuja, wala idadi haikuwa sawa. Nikipeleka ilivyo, Mkunga atajua kosa langu akiwa na miaka sabini na sita. Nisipopeleka, mvua itaisha mashimo ya shamba lake yakiwa matupu.

Halafu nikamuuliza lililoniuma kuliko miche yenyewe. "Miaka thelathini na moja, Baba Watoto. Umeshika mwandiko wangu mkononi ukadhani ni wa watu wa kale. Uliwezaje?"

Aliinama akaanza kukunja kitambaa cha meza.

Jumanne, 15 Aprili

Simsemeshi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Simsemeshi. Mashine imefunikwa, haijaguswa.

Jumamosi, 19 Aprili

Binti amepiga simu. "Mama, baba anasema humsemeshi. Si utani tu wa vibati?" Nimemwambia zawadi ijayo amletee baba yake kiti.

Mchana amekuja Mkunga mwenyewe, ana fimbo na buti za mpira. Mashimo yake yote yamechimbwa, amekodi pikapu itakayokuja Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Amepita katikati ya mistari akigusa majani kwa ncha za vidole. "Ya mapema ni ipi?" akaniuliza. Nikamwonyesha mstari mmoja ninaoukumbuka. "Na ya mwisho?" Nikaanza kukohoa, nikamwambia aingie ndani anywe chai, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe peee. Sijawahi kumdanganya yule mama maishani mwangu. Alipoondoka nilikaa jikoni nikalia, na sufuria ikaungua.

Jumatatu, 21 Aprili

Asubuhi nilikuwa napepeta mchele. Baba Watoto akaja, akaweka rejista mezani mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili kama karani aliyeitwa na bosi.

"Sijaja kujitetea," akasema. "Soma namba 88 mpaka 105."

Sikutaka. Nikasoma. "Namba 89. Duara la chuma cheupe. Kina: kidole kimoja. Mahali: hatua kumi na tano kutoka tangi la maji, kuelekea ukuta. Herufi: T yenye mkia. Mwandiko wa kale, haujulikani." Namba 90, hatua kumi na sita, P yenye mkia. Namba 91, hatua kumi na saba, P yenye mkia. Yote yameandikwa kabla ya kusuguliwa! Amenakili hadi ule mkia ninaouvuta chini ya kila herufi, ulionifanya niadhibiwe shuleni na sikuuacha.

Niliketi. Mchele ulimwagika, sikuuokota.

"Umeandika zote?"

"Zote isipokuwa ya kwanza. Namba 88 niliisugua kwanza, kwa furaha. Nilivunja utaratibu. Na lile swali lako nimelifikiria wiki nzima. Mama Watoto, lini umewahi kuniandikia?"

Tulipokuwa wachumba tulikaa mtaa mmoja, yeye aliandika barua, mimi nilimjibu kwa mdomo getini. Orodha ya sokoni naitaja. Fomu za watoto alizijaza yeye, kwa sababu ya mwandiko wake wa bohari. Miaka thelathini na moja sijamwandikia mume wangu hata neno moja, na sasa nimejaza nusu ya daftari kumsema.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia avae viatu twende kitaluni.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku tano kwa kazi ya asubuhi moja! Kwanza mvua haikukata. Halafu goti lake limevimba, na hatua zake za leo ni fupi kuliko hatua zake za siku ile. Alihesabu kwa sauti kutoka kwenye tangi, akafika kumi na tano, akajikuta katikati ya mistari miwili. Tukarudi. Akahesabu tena, akapotea tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Chukua Mke Mwenza."

"Nimwite wa nini? Vyuma si nimevitoa vyote?"

"Sijasema alie. Siku ile ulitembea umeibeba. Ibebe."

Akaibeba. Uzito ulimnyoosha mgongo, hatua zikawa zile zile, na hatua ya kumi na tano ikatua juu ya alama ya kijembe chake, mahali alipofukia. Ya kumi na sita vivyo hivyo. Mimi nilifuata nyuma na rejista, nasoma, nazika vibati vipya. Mstari ninaoukumbuka, P. Rejista inasema P. Mwingine ninaoukumbuka, S. Rejista inasema S. Tulipofika wa mwisho tulikuwa tumelowa, na nilikuwa nimesahau kwamba simsemeshi.

Mapema saba, katikati sita, mwisho minne. Ile mistari inayojulikana ni kumi na saba. Wa kumi na nane, uliopo karibu na tangi, ndio wa namba 88, na haujulikani. Nilikiangalia kile kibati kwenye mwanga wa taa kwa kila upande. Kimesuguliwa mpaka hakina hata mkwaruzo.

"Mpe tu," fundi bati akanishauri kupitia ukutani. "Miche kumi kati ya mia na themanini, nani atajua?"

Nitajua mimi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Mkunga na nimemwambia kila kitu, tangu vibati hadi chai ya uongo. Alinisikiliza amekunja mikono.

"Hiyo mistari kumi na saba, una hakika nayo?"

"Nina hakika, mama. Imeandikwa."

"Basi nitaichukua. Ule wa kumi na nane baki nao, mimi sibahatishi." Kisha akaniangalia kwa yale macho aliyoniangalia nayo wakati wa mtoto wa pili. "Ungeninyamazia ningejua mwaka wa nne. Na ningekuja kwako na fimbo hii."

Nikamwambia ningeistahili.

"Na huyo mzee wako bado yuko mzima?"

"Yuko mzima, mama."

"Una subira. Mimi ningemfungia ndani yeye na mashine yake."

Jumamosi, 3 Mei

Pikapu imebeba miche mia na sabini, safari tatu. Baba Watoto alisimama getini akiihesabu inavyotoka, akamsainisha dereva. Dereva hakuelewa anasaini nini. Nilimwacha.

Jumamosi, 10 Mei

Miche kumi ya mstari usiojulikana imebaki, na mvua inakaribia kukata. Nikatazama uani. Mashimo kila upande, yenye kina kizuri. Basi, nikaipanda humo humo, kumi, yeye akishika mche mimi nikishindilia udongo. Mwaka wa nne tutajua ni ya nini.

Yamebaki mashimo mawili, moja ni la mbele ya bafu. Huwezi kupanda mchungwa mlangoni mwa bafu. Nimemkumbusha. Kesho, akasema.

Hapo nikapandwa na hasira, nikachukua daftari kuandika, kisha nikafikiria. Nikachana ukurasa. Badala ya kuandika juu yake nikamwandikia yeye, kwa mara ya kwanza tangu anioe: "Baba Watoto, fukia shimo la bafu. Nimechoka. Mimi mkeo." Nikavuta mkia chini ya kila herufi ili asije akasema haujulikani. Nikauacha juu ya mashine.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya tano hakuna mvua. Nesi amenipima, presha imeshuka. Ameniuliza kama daftari limesaidia, nikamwambia bado nafikiria.

Ule ukurasa sikuuona tena, na shimo liko pale pale. Jioni, Baba Watoto akiwa anaoga, nikafungua rejista kutafuta kalamu. Kuanzia namba 88 mpaka 105, maneno "wa kale, haujulikani" yamekatwa kwa rula, mstari mmoja mmoja, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu: "wa mke wangu." Mara kumi na nane, hata kwa ile namba 88 isiyosomeka.

Nikageuza hadi ukurasa wa mwisho.

"Namba 131. Karatasi. Haikuchimbwa. Mahali: juu ya mashine. Hali: nzuri sana. Mwandiko wa mke wangu. Isisuguliwe."

Nilisimama na ile rejista kifuani sijui kwa muda gani. Halafu nikasikia mlango wa bafu unafunguliwa, na Baba Watoto anaingia shimoni kwa kishindo.